Dhamana ya nyumba mpya: matumizi ya «dhamana», «kukabidhiwa» na «kasoro»

Dhamana nm [i-/zi-] ni miongoni mwa nomino zilizobebeshwa maana nyingi katika Kiswahili cha sheria na biashara. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana. Mkopaji huweka shamba lake dhamana. Serikali huuza dhamana za muda mfupi. Waziri huwa na dhamana ya ardhi. Na muuza friji hutoa dhamana ya mwaka mmoja. Makala haya yanahusu tumizi moja tu: dhamana ambayo mnunuzi wa nyumba mpya huipata siku anapokabidhiwa nyumba, ambayo humlazimu mjenzi kurekebisha kasoro zitakazojitokeza katika muda uliowekwa.

Tumizi hili huwasumbua wafasiri kuliko mengine kwa sababu mbili. Kwanza, maana zilizozoeleka za dhamana huelekeza wajibu upande usio sahihi. Pili, muda wa dhamana ya nyumba huhesabiwa kuanzia tukio ambalo Kiswahili kina maneno kadhaa ya kulitaja, na si yote yanayotaja siku ileile. Tafsiri isiyo makini huweza kumfanya msomaji apoteze haki aliyokwisha kuilipia ndani ya bei ya nyumba.

Mifano yetu mikuu tumeichukua kutoka jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na ambako dhamana ya nyumba mpya imewekwa na sheria tangu mwaka 1976 na kusimamiwa na shirika liitwalo Tarion. Mwishoni tutarejea Afrika Mashariki, ambako jambo hili hutegemea zaidi mkataba.

1. Mwelekeo wa dhamana: nani humpa nani

Neno dhamana limetokana na Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuchukua wajibu juu ya jambo au juu ya mtu. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, mtoaji wa dhamana kwa kawaida ni yule aliye upande dhaifu. Mshtakiwa na wadhamini wake huitoa kwa mahakama. Mkopaji huitoa kwa benki. Mpangaji naye mara nyingi hutakiwa kumwachia mwenye nyumba fedha za tahadhari kabla ya kupewa ufunguo.

Kwa hiyo msomaji anayekutana na kirai «dhamana ya nyumba» bila maelezo zaidi ana haki ya kudhani kwamba yeye ndiye anayetakiwa kutoa kitu. Ukweli ni kinyume chake: mtoaji ni mjenzi, mpokeaji ni mnunuzi, na kinachotolewa si fedha bali ni ahadi ya kurekebisha. Mfasiri auoneshe mwelekeo huo walau mara ya kwanza neno linapotokea katika matini.

Si wazi: Nyumba hii ina dhamana ya mwaka mmoja.
Wazi: Mjenzi anampa mnunuzi dhamana ya mwaka mmoja kwamba nyumba haina kasoro za ufundi wala za vifaa.

Baada ya mwelekeo kuthibitishwa, mwandishi anaweza kuendelea na umbo fupi, «dhamana ya mjenzi», katika matini yote. Kirai hiki ni bora kuliko «dhamana ya nyumba» kwa kuwa kinamtaja mwenye wajibu.

2. Maneno jirani: udhamini, bima, waranti, garanti

Udhamini [u-] hutaja tendo au hali ya kudhamini mtu au shughuli: udhamini wa masomo, udhamini wa mashindano. «Udhamini wa nyumba» humfanya msomaji afikirie mfadhili, na haufai hapa.

Bima [i-/zi-] hulipia tukio la ghafla ambalo huenda lisitokee, kama moto au wizi, na mwenye nyumba huilipia ada. Dhamana ya mjenzi hujibu kasoro iliyokuwamo ndani ya nyumba tangu ilipojengwa, hata kama imejitokeza baadaye. Mwenye nyumba anayedhani kwamba bima na dhamana ni kitu kimoja huenda akapeleka dai lake mahali pasipohusika huku siku zikihesabika.

Waranti limezoeleka katika maduka ya vifaa vya umeme na simu, na wengi hulielewa upesi. Hata hivyo, katika lugha ya polisi na mahakama waranti ni hati ya kumkamata mtu au ya kupekua. Katika waraka wa kisheria tunashauri kutumia dhamana ya mjenzi; waranti liachwe kwa vifaa vilivyomo ndani ya nyumba, kama jiko au mtambo wa kupasha maji joto, ambavyo huja na ahadi ya kiwanda chake.

Garanti linahitaji uangalifu wa pekee kwa wasomaji kutoka Kongo. Huko neno hili, lililopitia Kifaransa, hutaja pia fedha ambazo mpangaji humwachia mwenye nyumba anapoanza kupanga. Mnunuzi akiambiwa kwamba nyumba mpya ina garanti, anaweza kuuliza ni miezi mingapi anatakiwa kulipa. Swali hilo ni la haki kabisa. Kosa ni la aliyechagua neno bila kumfikiria msomaji.

3. Vitenzi vinavyoambatana na «dhamana»

Maana ya dhamana huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kitenzi kinachoitangulia au kuifuata.

Kuweka dhamana ni kukabidhi mali iwe kinga ya deni. «Nyumba imewekwa dhamana» maana yake ni kwamba nyumba hiyo inaweza kuuzwa mkopo usipolipwa. Tungo hii isitumiwe kamwe kwa nyumba inayolindwa na ahadi ya mjenzi.

Kuomba dhamana ni lugha ya mahakamani. Mnunuzi mwenye nyufa ukutani haombi dhamana; anawasilisha dai chini ya dhamana.

Kutoa dhamana na kupewa dhamana hufaa, mradi mtoaji na mpewa watajwe.

Kufunika halifai kutaja mambo yanayoingia ndani ya dhamana. «Dhamana inafunika paa» ni tafsiri ya neno kwa neno, na msomaji huona turubai. Kiswahili kina vitenzi vyake: dhamana inahusu paa, inajumuisha mabomba, haihusu uharibifu uliosababishwa na mwenye nyumba.

Kwisha na kukoma: muda wa dhamana huisha, dhamana yenyewe hukoma. Tusiseme «dhamana imekufa» katika maandishi rasmi, ingawa usemi huo husikika madukani.

4. Siku ya kwanza: kukabidhiwa, kuhamia, kuhamishiwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Sheria ya Ontario huhesabu muda wa dhamana ya nyumba kuanzia siku mnunuzi anapoipokea nyumba iwe mikononi mwake. Neno la Kiingereza lililotumika kwa tukio hilo mara nyingi hutafsiriwa kwa umiliki au kumiliki, kwa kuwa kamusi nyingi huliweka chini ya kitomeo miliki. Lakini miliki na vinyambuo vyake, katika masikio ya msomaji wa leo, hutaja haki juu ya mali: hatimiliki, mmiliki, uhamisho wa umiliki. Mtu huweza kukabidhiwa nyumba kabla ya kuwa mmiliki wake.

Hali hiyo si ya kufikirika. Mnunuzi wa sehemu ya jengo la ghorofa huko Ontario mara nyingi huingia kuishi miezi kadhaa kabla jengo lenyewe halijasajiliwa na kabla jina lake halijaandikwa katika hati. Dhamana ya sehemu yake huanza siku anapoingia. Ile ya maeneo ya pamoja, kama ngazi, paa na lifti, huanza jengo linaposajiliwa. Mfasiri akiandika «dhamana huanza siku ya kupata umiliki», mnunuzi ataanza kuhesabu akiwa amechelewa, na mwaka wake wa kwanza utakuwa umekwisha huku yeye akiamini kwamba bado ana miezi.

Tunapendekeza kutofautisha vitenzi vitatu:

Kukabidhiwa nyumba: kupokea nyumba na funguo kutoka kwa mjenzi. Ndiyo siku ya kwanza ya dhamana.
Kuhamia: kuanza kuishi. Huweza kuwa siku hiyohiyo au wiki kadhaa baadaye. Kuchelewa kuhamia hakusogezi mwanzo wa dhamana.
Kuhamishiwa umiliki: jina la mnunuzi kuandikwa katika hati au daftari la ardhi.

Msomaji ataona kwamba vitenzi viwili vya mwisho vimetokana na mzizi mmoja, hama. Kuhamia ni umbo la kutendea: mtu huhama kuelekea mahali. Kuhamishiwa kumerundika viambishi vya kusababisha, kutendea na kutendwa: mtu hufanyiwa tendo la kuhamisha. Mofolojia yenyewe inatukumbusha kwamba katika tukio moja mnunuzi ndiye mtendaji, na katika jingine anatendewa na msajili. Vitenzi hivi visibadilishanwe.

Nomino makabidhiano [ya-] imetokana na umbo la kutendana, kabidhiana. Hufaa kwa hafla na hati ambayo pande zote mbili hutia saini: «hati ya makabidhiano». Kwa tarehe ya kisheria, «siku ya kukabidhiwa nyumba» ni wazi zaidi kwa kuwa inaonesha nani anapokea.

5. Mwaka mmoja, miaka miwili, miaka saba

Dhamana ya Ontario ina ngazi tatu. Ya mwaka mmoja inahusu kasoro za ufundi na za vifaa, kufaa kwa nyumba kukaliwa, na kufuatwa kwa kanuni za ujenzi za jimbo. Ya miaka miwili inahusu mambo kama maji kupenya kwenye kuta za msingi au ganda la nje la jengo, kasoro katika mifumo ya umeme, mabomba na upashaji joto, pamoja na kubanduka au kuharibika kwa ukuta wa nje kutokana na ufundi au vifaa. Ya miaka saba inahusu kasoro kubwa za muundo, yaani zile zinazogusa uwezo wa jengo kusimama au kukaliwa.

Ngazi zote tatu huanza kuhesabiwa siku moja. Nyumba iliyokabidhiwa Machi 2024 itafikia ukomo wa ngazi hizo Machi 2025, Machi 2026 na Machi 2031. Tafsiri isemayo «mwaka wa kwanza, kisha miaka miwili, kisha miaka saba» hujenga picha ya miaka kumi inayofuatana, kwa sababu kisha hupanga matukio moja baada ya jingine. Tuandike: «Dhamana zote huanza siku ya kukabidhiwa nyumba, ya kwanza hudumu mwaka mmoja, ya pili miaka miwili, ya tatu miaka saba.»

Tena, «dhamana ya miaka miwili» si «dhamana ya mwaka wa pili». Kifungu cha kwanza kinataja urefu wa muda tangu mwanzo. Cha pili kinaondoa miezi kumi na miwili ya kwanza, jambo ambalo sheria haikulisema.

Jambo jingine la kutafsiri kwa uangalifu ni kwamba dhamana hii huifuata nyumba. Nyumba ikiuzwa kabla ya muda kwisha, mnunuzi wa pili hurithi siku zilizobaki. Kwa hiyo «mnunuzi» katika waraka wa aina hii huweza kuwa zaidi ya mtu mmoja kwa nyakati tofauti, na pale penye utata ni afadhali kuandika «mwenye nyumba kwa wakati huo».

6. Kasoro, uharibifu, uchakavu

Kasoro [i-/zi-] ni upungufu uliomo ndani ya kitu kwa namna kilivyotengenezwa. Uharibifu [u-] ni matokeo ya tendo au tukio. Uchakavu [u-] ni matokeo ya matumizi na muda. Hitilafu [i-/zi-] ni kutofanya kazi ipasavyo, hasa kwa mitambo na umeme. Chanzo chake huweza kuwa kasoro, uharibifu au uchakavu.

Tofauti hizi ndizo hubainisha kinachoingia katika dhamana. Sheria ya Ontario huacha nje uchakavu wa kawaida, kusinyaa kwa kawaida kwa vifaa vinavyokauka baada ya ujenzi, unyevu uliotokana na mwenye nyumba kutoingiza hewa ya kutosha, matokeo ya matunzo mabaya, mabadiliko aliyoyafanya mwenye nyumba, na majanga ya asili. Huacha nje pia uharibifu unaofuata kasoro. Bomba lililovuja kwa sababu ya kuungwa vibaya ni kasoro. Zulia lililoloa ni uharibifu, na dai lake huenda kwingine, aghalabu kwenye bima.

Sarufi nayo ina la kusema. Linganisha:

Kigae kimevunjika. (umbo la kutendeka, mtendaji hatajwi wala hadokezwi)
Kigae kimevunjwa. (umbo la kutendwa, yupo aliyekivunja)
Kigae kina ufa tangu kilipowekwa. (chanzo kimetajwa)

Umbo la -ika lina adabu yake: halimnyoshei mtu kidole. Ndiyo maana wasemaji wengi hulipendelea wanapolalamika mbele ya mtu wasiyetaka kumkwaza. Lakini katika orodha ya kasoro adabu hiyo humgharimu mlalamikaji, kwa kuwa inaacha wazi swali ambalo mjenzi atalijibu kwa faida yake: kimevunjika lini, na kwa mkono wa nani? Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza mtendaji ambaye matini chanzi haikumtaja. Mwandishi wa dai, hata hivyo, na ahimizwe kutaja mahali, tarehe ya kuona na hali: «Tarehe 12, kabla ya kukabidhiwa funguo, kigae cha tatu kutoka mlangoni kilionekana kina ufa.»

7. Kuorodhesha, kudai, kukubali

Kabla ya kukabidhiwa nyumba, mnunuzi wa Ontario huikagua pamoja na mwakilishi wa mjenzi, na mambo yaliyoharibika, yaliyopungua au yasiyokamilika huandikwa katika fomu ya ukaguzi. Vitenzi vitatu hugongana hapa.

Kuorodhesha ni kuandika hali ilivyo. Fomu ya ukaguzi ni kumbukumbu ya hali ya nyumba siku hiyo, na hulinda hasa dhidi ya hoja kwamba mkwaruzo au ufa ulisababishwa na mnunuzi.

Kudai ni kutaka haki itekelezwe. Kuorodhesha si kudai. Dai huwasilishwa kwa fomu yake, katika muda wake. Tafsiri inayoita fomu ya ukaguzi «fomu ya madai» humpa mnunuzi utulivu wa uongo: atasubiri fundi ambaye hakuitwa.

Kukubali ndicho kitenzi chenye uzito kuliko vyote. Miongoni mwa mambo yanayoachwa nje ya dhamana ni kasoro za juujuu ambazo mnunuzi amezitaja na kuzikubali kwa maandishi siku ya kukabidhiwa. Kukubali huko ni kuridhia nyumba ilivyo, si kukiri kwamba kasoro ipo. Kiswahili kinaweza kutenganisha mambo haya bila shida: kukiri au kuthibitisha kwamba jambo lipo, na kuridhia libaki lilivyo. Kitenzi kukubali kinabeba yote mawili, na kwa sababu hiyo hakifai kusimama peke yake juu ya mstari wa saini. Mfasiri anapokutana na tamko la aina hiyo, ni afadhali aandike «ninathibitisha kwamba nimeiona kasoro hii» au «ninaridhia kasoro hii ibaki bila kurekebishwa», kulingana na maana ya matini chanzi. Ikiwa matini chanzi yenyewe ina utata, na aulize kabla mteja hajatia saini.

8. Afrika Mashariki: kipindi cha uangalizi

Katika mikataba ya ujenzi Tanzania, muda ambao mkandarasi hulazimika kurudi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi huitwa kipindi cha uangalizi, na baadhi ya watu husema muda wa matazamio. Mara nyingi huwa miezi sita au mwaka mmoja, na sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi muda huo umalizike.

Istilahi hii ni nzuri, lakini isichukuliwe kuwa kisawe cha dhamana ya mjenzi kwa mnunuzi. Kipindi cha uangalizi kiko kati ya mkandarasi na aliyempa kazi. Mwendelezaji wa milki akijenga nyumba mia moja na kuziuza, aliyeingia mkataba na mkandarasi ni yeye, si wanunuzi. Mnunuzi hunufaika ikiwa mkataba wake wa mauziano na mwendelezaji una kifungu kinachompa haki hiyo. Anayesoma mkataba wa mauziano na atafute mambo manne: nani anaahidi, anaahidi kurekebisha nini, kuanzia siku gani, na taarifa hutolewa kwa njia gani. Kifungu kisichojibu mojawapo ya maswali hayo hakijakamilika, hata kama neno dhamana limeandikwa kwa herufi kubwa.

9. Muhtasari wa mapendekezo

dhamana ya mjenzi: ahadi ya mjenzi kwa mnunuzi ya kurekebisha kasoro katika muda uliowekwa. Si: udhamini, bima, garanti.
siku ya kukabidhiwa nyumba: mwanzo wa kuhesabu. Si: siku ya umiliki, siku ya kuhamia.
kuwasilisha dai chini ya dhamana. Si: kuomba dhamana.
dhamana inahusu / haihusu. Si: inafunika.
nyumba yenye dhamana ya mjenzi. Si: nyumba iliyowekwa dhamana.
kasoro ya ufundi. Kasoro ya vifaa. Kasoro kubwa ya muundo.
fomu ya ukaguzi kabla ya kukabidhiwa. Si: fomu ya madai.
kuthibitisha kuona, kuridhia ibaki. Si: kukubali, pasipo maelezo.

Kwa mwalimu, zoezi linalofaa ni kuwapa wanafunzi sentensi «Nyumba ina dhamana» na kuwataka waandike tungo tano zinazotofautisha maana zake, wakimtaja mtoaji, mpokeaji na siku ya kuanza katika kila tungo.